Ramani ya mtiririko wa thamani: kwa nini tulirudi kwenye penseli, na kompyuta tuliipa kazi gani

Ramani yetu ya kwanza ilipendeza kuitazama. Ilichorwa kwa Visio, programu ya kompyuta ya kuchorea michoro, ikawa na rangi nne na mishale iliyonyooka, ikachapishwa kwenye karatasi ya A3 na kubandikwa nje ya ofisi ya meneja. Ilikula siku 2 za watu 3. Ilisema kwamba tangu robota la kitambaa lishushwe stoo hadi shati lipakiwe kwenye gari la mteja, zinapita siku 19. Wiki mbili baadaye tuliirudia kazi ileile kwa penseli, tukitembea kutoka mlango wa kupakia hadi stoo ya vitambaa, na hesabu ikatoka siku 27.3. Siku 8.3 zilikuwa zimelala sakafuni, kati ya meza na meza, na ramani ya kwanza haikuzionyesha kwa sababu kompyuta haikuwa inazijua.

Tunayaandika haya kwa yule aliyeambiwa kazini "tuchoreeni ramani" na jambo la kwanza akafungua kompyuta. Sisi tulifanya hivyohivyo. Hatuna ugomvi na kompyuta, na huko mbele itaonekana kazi ambayo penseli iliishindwa kabisa. Kilichotugharimu ni kutojua kipi kitangulie.

Karakana ni ya mashati ya shule, meupe, ya mikono mifupi. Mteja mkuu huchukua mashati 6,600 kwa mwezi wenye siku 22 za kazi, yaani 300 kwa siku. Kazi huanza saa 2 asubuhi na kuisha saa 11 jioni. Ukitoa saa 1 ya chakula na mapumziko mawili ya chai ya dakika 15, zinabaki dakika 450, sawa na sekunde 27,000. Gawanya kwa 300, unapata sekunde 90. Huo ni mwendo wa mteja, wenye fani huuita takti: kila sekunde 90, shati moja linapaswa kutoka. Hesabu hii huandikwa kwenye ramani kabla ya nyingine zote, na ndiyo pekee ambayo ni salama kuifanya ukiwa umekaa ofisini.

Kwa asiyeifahamu ramani yenyewe: inaonyesha njia nzima ya bidhaa moja, na juu yake inaonyesha taarifa zinazoiendesha kazi hiyo, yaani nani anamwambia nani atengeneze nini, lini, na kwa njia gani. Toyota waliitumia kwa jina la ramani ya vifaa na taarifa. Waandishi Mike Rother na John Shook wakaisambaza nje ya Toyota mwishoni mwa miaka ya 1990, na tangu mwanzo walisisitiza ichorwe kwa penseli, kwa mkono, palepale kazini. Tuliusoma ushauri huo tukaudharau. Tulidhani ni wa zama ambazo kompyuta zilikuwa chache.

Mfumo wa stoo yetu unarekodi mambo mawili tu: kitambaa kilichoingia na mashati yaliyotoka. Siku tulipoketi kuchora kwa Visio, tulichukua akiba ya kitambaa (siku 14) na akiba ya mashati yaliyokamilika (siku 5), tukajumlisha, tukapata 19. Katikati tuliweka pembetatu, ambazo kwenye ramani hizi ndizo alama za akiba, zikiwa na sifuri, kwa kuwa mfumo haukuwa na namba za katikati. Sifuri kwenye karatasi iliyochapishwa vizuri husomeka kama ukweli. Hakuna aliyeuliza.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Programu ikikupa kisanduku kitupu, mkono unatafuta namba ya kukijaza. Muda wa kushona tuliutoa kwenye jedwali la zamani la ofisini: shati moja kila sekunde 80. Kwa kuwa 80 ni chini ya takti ya 90, ramani ikasema uwezo wa kushona unatosha. Wakati huohuo mafundi walikuwa wanaitwa kazini Jumamosi mbili hadi tatu kila mwezi, na kwenye vikao sababu iliyotajwa siku zote ilikuwa "uzembe". Tulipokuja kupima, kushona kulikuwa kunatoa shati moja kila sekunde 96. Gawanya 27,000 kwa 96: mashati 281 kwa siku. Pungufu ya mashati 19 kila siku, 418 kwa mwezi. Hizo ndizo Jumamosi zao. Watu walikuwa wanalaumiwa kwa hesabu ambayo hakuna aliyeipiga, na ramani yetu ya rangi nne ikaja kuipigia muhuri lawama hiyo. Jambo hili linatuuma mpaka leo.

Kosa la tatu lilionekana polepole. Ramani ilikaa ukutani wiki mbili na hakuna fundi hata mmoja aliyeandika kitu juu yake, ingawa tuliwaomba. Karatasi iliyochapishwa inaonekana kama tangazo la ofisi, na tangazo mtu hulisoma akapita. Mchoro wa penseli wenye alama za kufutwafutwa una mvuto mwingine: fundi anasimama, anaweka kidole, anasema "hapa si hivi". Tulipobandika ule wa pili tulipata masahihisho saba kabla ya chakula cha mchana, na matano kati yake yalikuwa sahihi.

Basi tulianza upya. Vifaa vilikuwa karatasi za A3, penseli za HB, raba, ubao wa kushikia karatasi, na simu yenye saa ya kupimia. Watu wanne: msimamizi wa kushona, fundi wa kukata, mtunza stoo na mpangaji wa uzalishaji. Wote wanne walitembea njia yote pamoja. Msishawishike kugawana, huyu achore kukata, yule achore pasi, halafu muunganishe vipande. Ndivyo tulivyofanya mara ya kwanza, na kilichopotea ni zile nafasi za kati, kwa sababu kila mmoja alichora ndani ya mipaka ya idara yake, na mzigo hulala mpakani.

Mzunguko wa kwanza ni wa haraka, dakika 20, bila kupima chochote. Anzia mwisho, kwenye mlango wa kupakia, urudi nyuma hadi stoo ya malighafi. Ukianzia mlangoni unaanza na anachokihitaji mteja, na kila hatua unayorudi nyuma unauliza: hiki kimetoka wapi, na kwa nini kiko hapa sasa? Ukianzia stoo unabebwa na mazoea ya kazi, unaona kila rundo kuwa la kawaida.

Mzunguko wa pili ni wa kuhesabu, na uishe ndani ya saa moja, maana marundo yanahama. Tulihesabu kati ya saa 3 na saa 4 asubuhi. Shida iliyotusumbua ni vipimo: kitambaa kinahesabiwa kwa mita, vipande vilivyokatwa kwa mafungu ya mashati 30, mashati yaliyokamilika kwa dazeni. Badilisha kila kitu kiwe mashati, halafu gawanya kwa 300 upate siku. Kwetu shati hula wastani wa mita 1.2, kwa hiyo mita 5,040 za stoo ni mashati 4,200. Hivi ndivyo ilivyotoka:

Kitambaa stoo: mashati 4,200, siku 14.
Vipande vilivyokatwa vinasubiri kushonwa: mafungu 45, mashati 1,350, siku 4.5.
Yaliyoshonwa yanasubiri matundu na vifungo: 360, siku 1.2.
Yanayosubiri kukaguliwa na kukatwa nyuzi: 210, siku 0.7.
Yanayosubiri pasi: 480, siku 1.6.
Yaliyopigwa pasi yanasubiri kufungashwa: 90, siku 0.3.
Yaliyokamilika: dazeni 125, mashati 1,500, siku 5.

Jumla siku 27.3. Fundi wa kukata, mwenye mafungu 45 nyuma yake, aliyatazama akasema hakujua kama yamefika huko. Anayapita kila siku.

Kupima muda ndiko tulikoharibu zaidi, na hili halina uhusiano na penseli wala kompyuta. Asubuhi ya siku ya kwanza tuliingia kwenye safu ya kushona na saa mkononi bila kumweleza mtu. Namba zikatoka za ajabu, wengine wakikimbia, wengine wakijivuta. Mmoja wa mafundi akauliza waziwazi, "Mnatafuta wa kupunguza?" Palikuwa kimya. Tukasimamisha upimaji, tukaomba dakika 15 za safu nzima, tukaeleza kwamba karatasi haina jina la mtu, kwamba tunapima kazi inavyopita, na kwamba saa wanaweza kuishika wao wenyewe. Baada ya chakula walipimana wenyewe kwa wenyewe, na zile namba ndizo tulizozitumia. Dakika 15 hizo zilipaswa kuwa za kwanza kabisa, kabla hata ya penseli kuchongwa. Asubuhi nzima ilipotea, na kurudisha imani ya watu kulichukua zaidi ya asubuhi.

Pima mizunguko 10 kila hatua, yaani kazi ileile ikirudiwa mara 10, uandike namba inayojirudia. Usikimbilie wastani. Wastani unachanganya kushona na mambo mengine: uzi kukatika, bobini kuisha, fundi kwenda kutafuta vifungo. Hayo yaandike pembeni, kila moja na mara ngapi limetokea, kwa sababu ni kero za kutatuliwa na zikizamishwa ndani ya wastani hazionekani tena.

Halafu kuna mkanganyiko unaowapata karibu wote wanaoanza: muda wa mzunguko na muda wa kazi. Shati moja linahitaji sekunde 576 za kushonwa. Kwa kuwa mafundi ni 6, safu inatoa shati kila sekunde 96. Kwenye kisanduku chini ya hatua unaandika 96, ulinganishe na takti. Kwenye ngazi ya chini kabisa ya ramani, ile mistari inayopanda na kushuka kuonyesha muda wa kusubiri na muda wa kufanyiwa kazi, unaandika 576, maana ndizo sekunde ambazo shati lile limeguswa. Tulichanganya, jumla ikaja ndogo mno, ikabidi turudie. Namba sahihi zetu ni hizi: kukata sekunde 45, kushona 576, matundu na vifungo 110 kwa watu wawili, kukagua na kukata nyuzi 65 kwa mtu mmoja, pasi na kukunja 150 kwa watu wawili, kufungasha 30. Jumla sekunde 976, dakika 16 na sekunde 16. Shati linakaa ndani ya jengo siku 27.3 ili liguswe kwa dakika 16.

Kitu ambacho hakuna mfumo wowote ungetuambia kilikuwa chini ya meza ya ukaguzi: kapu la mashati yaliyorudishwa. Kola imepinda, au pembe mbili hazilingani. Mkaguzi aliyahesabu pamoja nasi, akasema kwa kawaida ni kama 30 katika kila 300. Yanarudi kushonwa, yanapita tena bila kuandikwa popote, na yanakula muda wa mafundi walewale ambao tayari wako nyuma ya takti. Ili kulichora tulihitaji mshale wa kurudi nyuma, na kwenye kiolezo cha Visio tulichotumia hatukuwa tumeuweka kwa sababu hatukujua kwamba njia hiyo ipo. Penseli haina kiolezo. Unachora ulichokiona.

Upande wa juu wa ramani, wa taarifa, ndio tulioutendea haki kidogo mara ya kwanza: mshale mmoja kutoka ofisi ya mipango kwenda kwenye kila hatua. Safari hii, kila tuliposimama tuliuliza swali moja: "Unajuaje cha kufanya sasa hivi?" Ukiwa na muda wa kuuliza swali moja tu katika zoezi zima, uliza hilo. Kukata walitaja karatasi ya wiki. Kushona walitaja mdomo wa msimamizi. Pasi walitaja kundi la WhatsApp. Vifungo walisema wanachukua rundo lililo karibu. Kufungasha walisema wanasubiri waambiwe saizi ipi imepungua. Hatua tano, majibu matano. Taarifa ya kielektroniki huchorwa kwa mshale uliopinda kama radi, ya karatasi au mdomo kwa mshale mwembamba ulionyooka, na kama msimamizi anazunguka akitazama kwa macho na kubadilisha mpango papohapo, kuna alama ya miwani. Yetu ilijaa miwani.

Hapo ndipo mafungu 45 yalipoeleweka. Meza ya kukata inaweza kutoa mashati 600 kwa siku (27,000 kwa 45), mara mbili ya mahitaji, na karatasi yake ya wiki haijui safu ya kushona imefika wapi. Kwa hiyo inakata saizi moja kwa wingi kwa sababu ni rahisi kutandika kitambaa mara moja, wakati kushona kunasubiri saizi nyingine. Mshale kati ya hatua hizo mbili ni ule wenye milia, maana yake kazi inasukumwa mbele hata kama anayefuata hajaihitaji.

Sasa upande wa udhaifu wa karatasi, kwa uwazi uleule.

A3 ya kwanza ilichoka baada ya kufutwa mara tatu. Mahali pa takti palichanika. Tukahamia karatasi ya kaki ya urefu wa mita 3 ukutani, na vikaratasi vya gundi kwa kila hatua. Kundi zima linaona na watu wanahamisha hatua kwa mkono, na kwa kikao ni njia nzuri sana. Lakini feni iliachwa ikizunguka usiku, na asubuhi vikaratasi 11 vilikuwa sakafuni. Hakuna aliyekumbuka vyote vilikokaa. Dawa yake ni nyepesi: kila kikaratasi kipe namba, andika namba hiyohiyo kwenye kaki mahali kilipo, kishike kwa selotepu, na piga picha ukuta mzima kabla ya kuondoka, halafu sehemu kwa sehemu ili maandishi yasomeke. Tumia makapeni kwa vikaratasi vya ukutani, maana penseli haisomeki ukiwa umbali wa mita 2. Na uweke karatasi ya ziada nyuma ya kaki, wino wa makapeni hupenya hadi ukutani.

Kubwa kuliko hayo lilikuwa la hesabu. Mtu mmoja aligawa 480 kwa 300, akaandika 16 badala ya 1.6. Jumla ikaruka hadi siku 41.7. Ramani ilipelekwa kwa uongozi ikiwa hivyo, kikao kikaenda nusu siku kikijadili pasi kana kwamba ndiyo mzizi wa tatizo lote, mpaka mtunza stoo aliposhangaa kimyakimya akahesabu upya kwenye kona ya daftari lake. Imani iliyopotea katika kikao kile ilituchukua mwezi kuirudisha. Uchoraji wa mkono unaruhusu jambo hili litokee wakati wowote. Programu ya majedwali isingeliruhusu.

Ndipo kompyuta ikapata nafasi yake. Baada ya ramani ya penseli kukubaliwa na wote wanne, mtu mmoja aliiingiza kwenye Excel kwa saa moja na nusu. Safu moja kwa kila hatua: muda wa kazi, idadi ya watu, muda wa mzunguko, idadi iliyolala kabla yake, siku. Takti iko seli moja tu, na hesabu zote zinaitegemea. Mchoro wenyewe tuliuhamishia draw.io, ambayo ni ya bure na ina mkusanyo wa alama za ramani hizi. Visio ina kiolezo chake, na kuna eVSM inayofanya kazi juu ya Visio na kupiga hesabu ndani ya mchoro. Lucidchart na Miro zinawafaa watu walio miji tofauti wanaohitaji kuona karatasi moja kwa wakati mmoja. Kabla ya kulipia chochote uliza mambo matatu. Inahesabu, au inachora tu? Nyingi zinachora tu. Leseni ni ya kila mtumiaji? Kama ndiyo, mafundi hawataifungua kamwe, na ramani itakuwa ya ofisi tena. Na intaneti ikikatika, faili linafunguka?

Faida yake kubwa tuliiona tulipoulizwa kuhusu msimu wa kufungua shule. Mteja alitaka mashati 500 kwa siku kwa wiki kadhaa. Kwenye karatasi, hilo lingekuwa nusu siku ya kufuta na kuandika, na hofu ya kukosea kama tulivyokosea. Kwenye Excel tulibadilisha seli moja: takti ikawa sekunde 54. Kushona kukahitaji 576 kwa 54, mafundi 10.7, yaani 11. Pasi 2.8, yaani 3. Ukaguzi wenye mtu mmoja kwa sekunde 65 ukavuka takti, ukahitaji wa pili. Matundu na vifungo ikatoka 2.04, na namba hii ndiyo ya kuangaliwa kwa makini, kwa sababu macho yanaisoma kama 2 na kuipita. Watu wawili hapo wangekuwa nyuma kidogo kila shati, mashati 9 hivi kwa siku. Kukata na kufungasha vikabaki salama. Tulijaribu hali nne ndani ya dakika 20, na kwa mara ya kwanza mafundi wa muda walitafutwa wiki sita kabla ya msimu na si wiki moja.

Lakini tuliona pia hatari yake. Faili likishakuwa zuri, watu wanaanza kulisahihisha likiwa mezani. Mwezi wa pili mtu alibadilisha akiba ya vipande kutoka 4.5 hadi 3 kwa sababu "mambo yamekaa sawa siku hizi". Hakuna aliyekwenda kuhesabu. Tulipokwenda, ilikuwa 3.9. Tangu hapo kila namba ya akiba ina tarehe na herufi za jina la aliyehesabu kwenye seli ya pembeni, na namba isiyo na tarehe inafutwa.

Kuna kazi ambazo tungeanza na kompyuta bila wasiwasi. Kama mtiririko wenyewe unaishi ndani ya mfumo, mfano maombi ya mkopo au malipo ya ankara, mfumo una saa ya kila tukio na unaweza kukupa muda wa kusubiri wa maombi mia moja kwa mara moja, jambo ambalo penseli hailiwezi. Hata hapo, nenda ukae pembeni ya anayeyashughulikia kwa nusu siku. Utakuta daftari lake na ujumbe wa simu ambao mfumo hauna habari nao. Na ukiwa na hatua 25 na zaidi, A3 haitoshi na kaki inakuwa ndefu mno kusomeka, ni bora uchore kwa mkono sehemu moja moja za kutembea na kuziunganisha kwenye programu.

Ramani ya hali ijayo, yaani ya jinsi tunavyotaka kazi ipite, tuliichora kwa penseli pia, siku iliyofuata, watu walewale. Mpango ukatolewa sehemu moja tu, kwa kushona, na hatua nyingine zote zinafuata. Kati ya kukata na kushona tukaweka rafu yenye nafasi za mafungu 10, siku 1 ya kazi, zilizogawanywa kwa saizi: nafasi ikiwa wazi, kata saizi hiyo, zikijaa, simama. Ukaguzi wa kola ukahamia ndani ya safu ya kushona, kabla kola haijaunganishwa na shati. Mbele ya pasi tukachora njia ya foleni isiyozidi mashati 120, ya kwanza kuingia ya kwanza kutoka. Kitambaa tulikusudia kishuke kutoka siku 14 hadi 8. Jumla iliyolengwa: siku 13.2.

Baada ya miezi minne tulihesabu tena. Siku 18.7. Vipande vilivyokatwa ni 1.5, mafungu 15, kwa sababu siku mashine ya kukata inapoharibika rafu ya 10 haitoshi na watu walirudi kuweka akiba. Hiyo tumeikubali na rafu imeongezwa. Kabla ya pasi ni mashati 180, yaani 0.6. Yaliyokamilika ni 3.5. Kapu la kola halijaisha ila limepungua, na Jumamosi zimebaki za msimu tu, na hilo ndilo mafundi wanalolitaja kwanza ukiwauliza kilichobadilika.

Gharama kwa siku za watu: ramani ya kwanza ya kompyuta 6, ambazo hazikutufaa. Ya penseli 12, watu wanne kwa siku tatu, tukihesabu asubuhi tuliyoipoteza kwa saa ya kupimia. Ya hali ijayo 4. Kuingiza kwenye Excel na draw.io chini ya siku 1.

Sasa karatasi ya A3 ya penseli imebandikwa kando ya meza ya kukata. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi watu wawili wanahesabu pembetatu zote saba, kazi ya dakika 50, wanafuta namba za zamani na kuandika mpya pamoja na tarehe, kisha picha ya karatasi inahifadhiwa na faili la Excel linasahihishwa siku hiyohiyo. Karatasi na faili zikitofautiana, wanarudi kuhesabu. Pembetatu ya kitambaa haijashuka chini ya 12, kwa sababu muuzaji hapeleki mzigo mdogo kuliko lori zima. Kando yake mtunza stoo amechora lori lenye alama ya kuuliza, na chini yake ameandika kwamba karakana ya jirani nayo inanunua kitambaa hichohicho. Mazungumzo ya kugawana lori moja yameanza wiki iliyopita.